Muziki wa kutuliza: programu ya mtaalamu au nyimbo zako mwenyewe?

Safe and Sound Protocol, programu ya kusikiliza muziki ya mwanasayansi Mmarekani Stephen Porges, hutumia nyimbo zilizochujwa ili sauti ya mwimbaji isikike mbele. Ni kama saa 5 kwa jumla, kwa hedifoni zinazofunika masikio. Bei si ndogo, na nadharia yake, kuhusu neva na hisia ya usalama, bado inabishaniwa. Ninachokipenda ni kuwepo kwa mtaalamu: ukianza kukaza taya au kupumua haraka, anasimamisha.

Nyimbo zako za polepole, mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, hazina gharama na zinafuata ratiba yako. (Tangazo likiingia katikati, utulivu kwisha!) Mwenye kiwewe, au mtoto anayeziba masikio kwa kelele ndogo, aanze kwa mtaalamu. Ni uchovu wa kazi tu? Nyimbo zako zinatosha.