Tahadhari: seti ya meza ya kugeuzia injini (HO) inayouzwa kwa picha ya kuazima

Wapenzi wa treni ndogo, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na seti ya kuunganisha mwenyewe ya meza ya kugeuzia injini (daraja linalozunguka ndani ya shimo la duara ili injini igeukie upande wa pili), kipimo cha HO, yaani 1:87 ya ukubwa halisi, daraja la sentimita 30, mota imo humo humo. Tangazo lina picha nzuri sana: meza imepakwa rangi ya kutu, injini ya tenda, yaani yenye behewa la maji na mafuta au makaa nyuma yake, imesimama katikati. Usilipe. Kilicho kwenye picha sicho kinachokuja kwenye kifurushi, na hata uwe fundi wa namna gani, hicho kinachokuja hutakifikisha pale. Jina la duka silitaji, maana linabadilika kila mara. Nitaeleza bidhaa na mwenendo wake, mtamtambua wenyewe.

Najua kwa nini inatuvutia. Ukitengeneza karakana ya zamani ya reli zetu za Afrika Mashariki, Garratt za klasi ya 59 (injini za mvuke zenye boila katikati na seti ya magurudumu kila upande), kama Mount Gelai iliyopo makumbusho ya reli pale Nairobi, hazikupi taabu kwa sababu zinakwenda mbele na nyuma vilevile. Lakini zile za tenda, klasi ya 29, 30 na 31 zilizopewa majina ya makabila, bila meza au pembetatu ya reli zinarudi kinyumenyume, na hapo mandhari yote inaharibika. Muuzaji analijua hilo. Anaandika kabisa kwamba seti inafaa njia ya reli yenye upana wa milimita 16.5 na ile ya milimita 12 ya wanaotengeneza mfano wa reli yenye upana wa mita moja, "badilisha reli tu". Uongo. Mifereji ya reli kwenye daraja imeshakatwa kwa 16.5. Ukitaka 12, unachonga daraja jipya.

Sasa ubovu wenyewe. Shimo ni tabaka za MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 3 zilizokatwa kwa leza, na tundu la mhimili halipo katikati. Weka daraja bila gundi, lizungushe polepole kwa kidole, angalia upenyo kati ya ncha ya reli na ukingo wa shimo. Ya kwangu upande mmoja inakwaruza ukingo, upande wa pili unapitisha kadi ya benki. Usikimbilie msasa. Geuza daraja nusu mzunguko kwanza. Upenyo mkubwa ukibaki palepale kwenye shimo, kosa ni la tundu la shimo. Ukihama pamoja na ncha ya daraja, kosa ni la daraja. La daraja linatibika: unapiga tupa ncha ndefu ya reli, kidogo kidogo. La shimo ni kuziba tundu kwa kipande cha mbao, kutafuta kitovu upya na kutoboa tena, na ukifika huko ujue umelipia mbao tu. Waliopo Mombasa, Tanga au Unguja waongeze jingine: MDF hunywa unyevu ikavimba, hasa kwenye kingo zilizokatwa. Isipopigwa vanishi pande zote, hata kile kilichokuja sawa hakitabaki sawa.

Mota ndiyo iliyonichekesha. "Usahihi wa hali ya juu," anasema. Ni 28BYJ-48, ile ya volti 5 yenye waya tano, inayotumika kuzungusha vibao vya kuelekeza upepo kwenye viyoyozi. Si mota mbaya, ila si ya kazi hii. Mzunguko mmoja ni hatua kama 2,048. Kwa daraja la sentimita 30, kila hatua inasogeza ncha karibu nusu milimita, na kichwa cha reli nyembamba tunazotumia hakifiki hata milimita moja kwa upana. Ikikosea hatua moja, magurudumu yanapiga ncha ya reli na injini inaanguka. Tena giya za ndani zinacheza. Washa umeme, mota ikiwa imesimama, sukuma ncha ya daraja kwa kidole: linakwenda na kurudi bila mota kujua. Dawa ya kiasi ni kuipanga daima ifikie reli kutoka upande mmoja, ili mchezo wa giya uelemee upande uleule. Inapunguza. Haiponyi.

Umeme ndio hatari zaidi, kwa sababu unaweza kuunguza vitu vyako vingine. Daraja likigeuka nusu mzunguko, reli ya kushoto inakutana na iliyokuwa ya kulia, na pale inapiga shoti. Meza iliyotengenezwa na mtu anayejua ina pete ya shaba iliyokatwa vipande viwili chini ya mhimili, ya kubadilisha njia za umeme yenyewe. Wenye mfumo wa dijitali wa DCC huweka kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Hapa kuna waya mbili tu zilizochomelewa chini ya reli na kupitishwa tunduni. Zinajisokota kila mzunguko mpaka zikatike. Kabla hujaunganisha na transfoma, pima kwa multimita kati ya kila reli ya daraja na reli ya nje, daraja likiwa mwanzo, kisha likiwa limegeuzwa. Utaona mwenyewe.

Magurudumu ya ncha za daraja ni ya plastiki na si ya mviringo kamili. Yatupilie mbali.

Ukilalamika, anakuwa mpole ajabu. Kwanza anaomba video. Ukituma, anasema "kipuri kiko njiani", na hapo siku za ulinzi wa mnunuzi, yaani muda ambao bado unaweza kudai pesa yako, zinayoyoma. Zikikaribia kwisha anakuja na ofa ya kurudisha sehemu ndogo ya pesa ukifunga malalamiko. Wengine anawavuta nje ya duka tangu mwanzo: punguzo zuri, lipa moja kwa moja kwa simu. Huko huna pa kushika.

Picha yake itafute kwa kutafuta picha kwenye intaneti. Mimi niliikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine, wa miaka ya nyuma, ikionyesha kazi yake ya mkono. Na ukiikuza utaona kuta za daraja ni bati lililoungwa kwa ribiti, wakati kifurushi kina mbao.

Kama imeshakufikia, usigundishe chochote. Pima upenyo, piga picha rula ikiwa pembeni, andika malalamiko ndani ya duka lenyewe na kila jibu libaki humo. Akikwambia funga kwanza ndipo nitume pesa, usifunge.