Bauakademie ya Berlin na Bauhaus ya Dessau

Ujerumani ilipata majengo ya shule hizi mbili za ufundi kwa tofauti ya miaka 90. Jengo la Bauakademie, chuo cha ujenzi, lilibuniwa na msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel, likajengwa kati ya 1832 na 1836. Matofali mekundu yaliachwa wazi, bila lipu, na nguzo zilizobeba jengo zilionekana kwa nje. Mwanafunzi aliweza kujifunza ujenzi kwa kuutazama tu ukuta wa shule yake! Chini kulikuwa na maduka. Schinkel mwenyewe aliishi ghorofani hadi alipofariki mwaka 1841.

Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyobuniwa na msanifu majengo Walter Gropius na jengo lake kufunguliwa 1926, ni ya kioo na zege. Ukuta wa kioo wa karakana haubebi mzigo wowote. Mwanga ni tele, ingawa jua la kiangazi hutesa waliomo.

Wengi huisifu Bauhaus kwa uthubutu. Mimi naona Schinkel alithubutu zaidi, tena mapema.

Vita vya Pili vya Dunia viliharibu zote. Bauhaus ilikarabatiwa mwaka 1976, ikawa Urithi wa Dunia 1996. Bauakademie ilibomolewa 1962 kupisha jengo la wizara, ambalo nalo lilibomolewa miaka ya 1990. Hasara hiyo inaniuma.