Hifadhidata nyepesi ya kutafutia faili: ipi inajua kuwa mkataba na mikataba ni ndugu?

Malalamiko ya watumiaji ni yale yale: "Faili naiona kwenye folda, mbona programu yako inasema haipo?" Mtu kaandika kataba, faili inaitwa Mikataba_2023.pdf, na kisanduku cha kutafutia kimenyamaza. Msanidi anakimbilia kulaumu diski. Diski haina kosa.

Kwa hiyo usitarajie hapa jedwali la nani anaandika rekodi nyingi kwa sekunde. Kwa faili laki moja za ofisi, hifadhidata zote zinatosha. Ninachouliza ni kimoja: inapata kipande kilicho katikati ya neno? Faharasa nyingi hushika neno zima. Zinazojitahidi zaidi hutafuta kwa mwanzo wa neno, au hukata mikia ya maneno ya Kiingereza. Kiswahili hugeukia mbele: kitabu na vitabu, waraka na nyaraka, mkataba na mikataba. Kutafuta kwa mwanzo wa neno ni sawa na kumtambua mtu kwa kofia anayobadilisha kila asubuhi.

Amri ya SQL ya LIKE '%kataba%' kwenye jedwali la kawaida itapata, ila alama ya % iliyotangulia huzuia faharasa isitumike, na kila mstari unasomwa mmoja mmoja hadi wa mwisho.

Namba moja: SQLite yenye FTS5 (sehemu yake ya kutafutia maandishi) na trigramu. Sifichi, naipendelea. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, ni faili moja, haitaki seva, na msimbo wake ni mali ya umma. Trigramu ilikuja na toleo la 3.34, Desemba 2020:

CREATE VIRTUAL TABLE majina USING fts5(jina, tokenize='trigram');

Jina linakatwa vipande vya herufi tatu: kataba inakuwa kat, ata, tab, aba. Vyote vinne vimo ndani ya mkataba na mikataba, kwa hiyo zote mbili zinakuja bila kusoma jedwali zima. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo haihesabiwi. Anayeandika mkataba kamili bado hataletewa mikataba, kwani mka haimo humo. Hapo programu yako ndiyo ivue ki-, vi-, m-, mi- na ma-, kisha iulize maumbo yote mawili, lililovuliwa na kamili, kwa OR ("au"). Angalia tu usibaki na herufi mbili: ukivua kiti unabaki na ti.

Herufi mbili ndio ugonjwa wake. Mtu akitafuta CV, MATCH (amri ya kutafuta ya FTS5) hairudishi kitu wala haitoi kosa. Maulizo mafupi kuliko herufi tatu yapeleke kwa LIKE, ukubali ukawiaji. Faharasa pia hunenepa kuliko ile ya maneno mazima, basi weka humo majina ya faili, si maandishi yote yaliyomo.

Kosa la pili huonekana siku ya kwanza kazini: mtumiaji anaandika ripoti.pdf au ng'ombe na programu inatema kosa la sintaksia, kwa sababu nukta na ritifaa hazikubaliki zikiwa wazi ndani ya ulizo la FTS5. Funga maneno ya mtumiaji kwa alama za nukuu mbili, na kila nukuu mbili iliyomo ndani uiandike mara mbili. Ukiwa hapo hapo, geuza ’ ya kupinda iwe ' iliyonyooka kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. La sivyo ng’ombe aliyeandikwa kwenye Word hataonana na wa kwenye kibodi ya simu.

Kuingiza majina: weka elfu tano ndani ya muamala mmoja, kati ya BEGIN na COMMIT. Ukiacha kila INSERT iwe muamala wake, kila moja itasubiri diski ithibitishe, na kazi ya sekunde itakula dakika nyingi. Washa WAL (mtindo wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya kando) ili kutafuta kusikwame wakati wa kuandika, lakini faili ya hifadhidata ikae kwenye diski ya mashine yenyewe; WAL haifanyi kazi kwenye folda ya mtandao. Na kwa Android, usiamini SQLite ya simu: Android 13 ina 3.32, trigramu haimo. Beba nakala yako ndani ya programu.

Namba mbili: LMDB, hifadhi ya ufunguo na thamani, ile inayotumiwa na Baloo, kitafuta faili cha KDE kwenye Linux. Kusoma kwake ni umeme. Ufunguo, hata hivyo, kwa kawaida hauzidi baiti 511, na Linux inaruhusu njia ya faili hadi 4,096. Tumia namba iwe ufunguo, njia iwe thamani. Ukubwa wa ramani, yaani nafasi ya juu ya data, pia hutangazwa mapema. Ukiuacha ulivyo, ni MiB 10, na siku ikijaa utakutana na kosa la MDB_MAP_FULL. Trigramu utajijengea mwenyewe.

DuckDB ni ya hesabu. Faharasa yake ya maandishi haijisasishi jedwali likibadilika. LevelDB na RocksDB hazijui maandishi kabisa. Faili ya JSON? Kwa majina mia tano, sawa.

Berkeley DB ilikuwa chaguo la heshima hadi mwaka 2013, Oracle ilipohamishia toleo la 6 kwenye leseni ya AGPL: ama ufungue msimbo wako, ama ulipie leseni ya biashara. Na wapo mafundi wa mifumo wanaomtoza mwenye duka dogo seva ya kila mwezi ili atafute ankara elfu kumi na mbili, kazi ambayo faili moja ya SQLite inaimaliza kwenye kompyuta iliyo mezani pake. Fundi wa namna hiyo akija na ankara yake, mwambie aandike araka kwenye kisanduku mbele yako, nyaraka zitokee, ndipo muongee bei.