Busta ya kuni: kabla ya kuuliza lita, uliza mvuke utatokea wapi

Baridi ya Juni ikianza tu, simu yangu hujaa malalamiko ya busta za kuni, yaani mapipa ya kupashia maji ya kuoga kwa moto wa kuni. Mwaka huu msomaji wa Kinangop ameniandikia kwamba shawa yake inakohoa, inatema mvuke, kisha inaleta maji baridi. Wa Limuru anasema mabomba yanagonga ukutani usiku hadi watoto wanaamka. Wa Molo kiungo cha juu cha busta kimepasuka, fundi akakirudishia, kikapasuka tena palepale. Niliwauliza wote swali moja: bomba la hewa liko wapi? Wawili hawakujua ninazungumzia nini. Wa tatu alilijua vizuri, kwa sababu alimwona fundi akilifunga kwa kizibo.

Kwa hiyo mwongozo huu hautaanza na lita wala rangi. Kama unaishi Nyandarua, Limuru, Molo, Kericho au popote ambapo maji ya asubuhi yanauma mifupa, unajua kwa nini unataka busta, na kila muuzaji atakwambia ukubwa wa kuchukua. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakuna muuzaji atakutajia usipomuuliza.

Busta ya kuni ni pipa la maji lililosimama juu ya tanuri dogo, na bomba la moshi linapita katikati yake. Maji baridi yanaingia chini kutoka kwenye tangi, ya moto yanatoka juu kwenda bafuni. Heta ya stima ina kidhibiti kinachokata umeme maji yakishapata moto. Moto wa kuni hauna swichi. Ukishaujaza magogo, utaendelea kuwaka hata kama hakuna anayeoga, hata kama watu wote wamelala, hata kama maji yamekatika. Ukipanda hadi Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, maji yanachemka yakifika karibu nyuzi 92 tu, kwa hiyo kufika kwenye mchemko huko si safari ndefu. Na maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Nafasi hiyo ni lazima ipatikane mahali.

Mahali penyewe ni bomba la hewa. Linatoka juu kabisa ya busta, linapanda moja kwa moja bila koki, bila valvu, bila kizibo, hadi juu kuliko usawa wa maji kwenye tangi, kisha linainama na kubaki wazi. Hakuna kingine. Ni kipande cha bomba na kona mbili, na ndicho kinachotenganisha chombo cha kuogea na bomu.

Mafundi hulifunga kwa sababu linadondosha maji, na linadondosha kwa sababu wao wenyewe walilikata fupi. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo ndani ya bomba la hewa yanasimama juu zaidi ya usawa wa tangi. Kanuni ya mafundi wa mabomba ni hii: bomba la hewa lizidi usawa wa maji ya tangi kwa sentimita 15, kisha ongeza sentimita 4 kwa kila mita ya kimo kutoka chini ya busta hadi maji ya tangi. Kimo kikiwa mita 5, bomba lipite tangi kwa sentimita 35. Fundi anayeacha sentimita 5 ataitwa kesho yake na mama mwenye nyumba, "fundi, huku juu kunavuja," naye badala ya kuongeza kipande anafunga kizibo. Mama anashukuru, maji hayadondoki tena. Sasa mvuke wote umebaki ndani, unatafuta kiungo dhaifu, na ndiyo maana kiungo cha Molo kinapasuka kila kikirudishiwa.

Ubaya huo unazidi pale fundi anapoweka upande wa maji baridi valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, ati maji ya moto yasipande kwenye tangi. Bomba la hewa likiwa wazi, valvu hiyo haina madhara. Likiwa limefungwa, umeziba mlango wa mwisho.

Kuna wenye viwanja vya mteremko ambao tangi lao liko mlimani, mbali na juu sana, au wanapata maji ya mradi yenye nguvu nyingi. Hapo bomba la hewa lingebidi lipande kama mlingoti. Usikubali liachwe. Weka tangi dogo lenye boya juu kidogo ya paa la bafu, maji ya mradi yaingie humo kwanza, na busta ichukue maji kwenye tangi hilo dogo. Vivyo hivyo kwa waliofunga pampu ya kuongeza presha nyumbani: pampu isisukume maji kupitia busta. Najua shawa haitakuwa na kishindo cha hoteli. Utaoga salama.

Sasa tupange aina zenyewe, kuanzia ile ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza: Rayburn yenye boila

Nina upande na sitauficha. Kwa anayejenga nyumba ya kudumu kwenye baridi na anapika kwa kuni kila siku, sijaona kitu kinachoishinda Rayburn. Ni jiko la Kiingereza la chuma cha kusubu lililoanza kuuzwa mwaka 1946, linapika, linaoka, linapasha jikoni joto, na likiwa na boila nyuma ya tanuri linachemsha maji ya nyumba nzima kwa moto uleule wa ugali. Nyumba za zamani za walowezi bado zinayo haya, pamoja na majiko ya Dover, na mara kwa mara hutokea yakauzwa nyumba inapobomolewa au shamba linapobadilisha mwenyewe.

Ninachokipenda ni kwamba mfumo wake ulifikiriwa kuanzia kwenye mvuke. Maji yanazunguka yenyewe, bila pampu, kati ya boila na silinda ya kuhifadhia iliyo juu yake: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka. Mabomba yake ni mapana, ya inchi moja, yanapanda bila kushuka popote, na kati ya boila na bomba la hewa haruhusiwi mtu kuweka koki. Stima ikipotea, maji yanaendelea kuzunguka.

Ukiikuta ya mtumba, angalia kwanza kama ina boila kabisa, maana nyingine ni za kupikia tu. Tafuta midomo miwili ya bomba pembeni au nyuma. Boila ikiwepo, ijaze maji papo hapo na usubiri muda wa chai nzima. Boila iliyowahi kuwashiwa moto ikiwa kavu hupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, ila tone litajitokeza. Angalia pia matofali ya tanuri na wavu wa majivu, vinabadilishika. Bei haina adabu, na usafiri wake ni wa lori na vijana wenye nguvu. Lakini ni kitu cha kurithisha.

Ya pili: busta ya stenlesi

Hii ndiyo wengi wenu mtanunua, na ni chaguo zuri. Kufikisha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji nishati iliyo katika kilo 2 hadi 3 za kuni kavu, kama nusu ya joto inaishia kwenye maji na nusu inaenda na moshi. Familia inaoga kwa mkono mmoja wa kuni.

Ila hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Neno "stenlesi" kwenye tangazo mara nyingi linahusu koti la nje linalong'aa, huku pipa la ndani ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Koti haligusi maji. Nenda na tochi. Fungua mlango wa tanuri, lala chini kama ni lazima, umulike pale bomba la moshi linapoungana na kitako cha pipa. Weldi iwe mstari mmoja uliojaa, mzunguko mzima. Ukiona vidoti vya weldi vilivyorukana, au sehemu iliyosagwa kwa grainda na kupakwa rangi ya fedha kuficha, ondoka. Kiungo hicho ndicho kinachopata moto upande mmoja na maji upande mwingine, kila siku.

Kisha angalia juu. Nataka kuona mdomo wa bomba la hewa ukiwa wa peke yake, kwenye sehemu ya juu kabisa ya pipa. Kama muuzaji anasema bomba la hewa litaungwa kwenye bomba la maji ya moto, inawezekana, mradi liungwe kabla ya koki yoyote. Akisema halihitajiki kwa sababu "hii ni modeli mpya", mwambie kwaheri.

Ya tatu: busta ya mabati

Ni ya bei rahisi zaidi, na umbo lake ni lilelile la stenlesi. Zinki ya mabati huanza kupoteza uwezo wake wa kulinda chuma maji yakizidi nyuzi 60 hivi, na busta huvuka hapo kila siku. Nunua ukijua utaibadilisha.

Ya nne: pipa la lita 200

Pipa lililolazwa, likajengewa matofali, moto chini yake. Lipo kwenye kambi nyingi za watalii na linafanya kazi. Hakikisha halikuwa la kemikali, na liwe na bomba la hewa kama wenzake.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, maana nimechoka. Unaona picha nzuri ya busta mtandaoni, unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox". Ukifika huko unaulizwa uko wapi, nyumba ina vyumba vingapi, karibu uulizwe hata una gari gani, ndipo bei inazaliwa kulingana na majibu yako. Jirani wawili wa njia moja wamelipa bei mbili kwa chombo kilekile. Halafu bei uliyokubali ni ya pipa tu. Bomba la moshi ni nyongeza. Kofia ya kuzuia mvua ni nyongeza. Mabomba ya kuunganisha ni nyongeza, ufundi ni nyongeza, na hapo ndipo bomba la hewa linapouawa: mteja ameshakamuliwa, fundi amepewa kiasi kidogo cha kumaliza kazi, kipande cha mita 3 kinaonekana ni anasa. Chombo kinachouzwa bila bomba lake la hewa kimeuzwa nusu. Anayekiuza hivyo anajua, na hilo linaniudhi kuliko bei yenyewe.

Kuni nazo zimepanda tangu marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, na wauza kuni wengi wanakuletea mti uliokatwa juzi. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo utayalipia mara mbili: kwa muuzaji, kisha kwa moto unaoyakausha badala ya kukupashia ya kuogea. Nunua mapema, wakati wa jua la Januari, upasue, upange penye upepo na kifuniko juu tu. Muwati na mkaratusi vinawaka vizuri vikikauka. Saipresi ina utomvu na itakuachia lami nyeusi ndani ya bomba la moshi.

Lami hiyo ndiyo kazi yako ya kila mwezi: brashi ya waya kwenye mnyororo, kutoka juu kwenda chini. Majivu toa kila wiki, na msimu wa mvua usiyaache hata siku mbili. Majivu yaliyolowa yanakula chuma cha kitako haraka kuliko moto. Mara mbili kwa mwaka fungua koki ya chini umwage matope, na kama maji yako ni ya kisima cha chumvi utaona magamba meupe yakitoka. Kutoka busta hadi mita moja au mbili tumia bomba la chuma, kisha ndipo PPR, bomba la plastiki, ianze. PPR imetengenezwa kwa maji ya nyuzi 70 ya kila siku, haikutengenezwa kwa mchemko. Na busta ikae nje ya nyumba, sio stoo, sio veranda iliyozibwa: moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu.

Bomba la hewa lipime kila miezi michache moto ukiwa umezimika. Funga maji baridi yanayoingia, fungua koki ya moto bafuni, na mtu asimame karibu na mdomo wa bomba juu. Maji yatatoka kidogo huku bomba likivuta hewa kwa sauti. Yakikatika ghafla na juu kukawa kimya, kuna kitu kimeziba. Mara nyingi ni kiota cha nyigu. Mdomo uelekee chini, mahali ambapo hapapiti mtu, na usiishie juu ya tangi la plastiki, maana maji yanayochemka hulilegeza.

Maji yakikatika huku moto unawaka, toa magogo, funga koki ya maji baridi, uache busta ipoe yenyewe hadi uweze kuigusa. Usiruhusu maji baridi yarudi kwenye pipa kavu lenye moto, hata kama wageni wanasubiri kuoga.

Siku ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti: pipa la ndani ni chuma gani, bomba la hewa na urefu wake, koki ya kumwagia chini, bomba la moshi na kofia yake. Asipotaka kuandika bomba la hewa, usitoe hata ya kushika bei.