Mwongozo wa kununua: kipi kitangulie unapoondoa mchezo kwenye mashine ya miling uliyoigeuza kuwa CNC

Ukikata duara likatoka na vijikato vinne, kimoja kila robo ya mzunguko, mashine yako ina mchezo. Mchezo ni ulegevu unaoonekana pale mhimili mmoja (njia moja ya mwendo wa meza) unapogeuza mwelekeo: mota imeshaanza kuzunguka lakini meza bado imetulia. Kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono fundi hujihami kwa kuifikia kila alama akitokea upande uleule. CNC, yaani mashine inayoendeshwa na kompyuta, haina nafuu hiyo, maana kazi moja tu inaweza kuigeuza meza mara mamia.

Wengi hukimbilia kununua skrubu ya gololi, yaani skrubu ya kusogeza meza ambayo nati yake hutembea juu ya gololi. Ni kifaa kizuri, lakini kwenye orodha hii naiweka ya tatu, na sababu zangu ni hizi.

1. Geji ya saa na stendi yake ya sumaku

Nunua inayosoma 0.01 mm. Bila geji hujui unatibu nini, na ndiyo maana naitanguliza mbele ya vyote hata kama haiondoi mchezo wowote.

Funga geji kwenye spindo (shafti inayoshika kikata), ncha yake iguse kipande cha chuma kilichokazwa mezani. Iamuru meza ifike mahali fulani ikitokea kushoto, soma geji. Ipeleke mbele milimita chache, kisha irudi palepale ikitokea kulia, usome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mchezo wako. Pima katikati ya meza na karibu na ncha zake zote mbili, kwa sababu skrubu ya zamani huliwa zaidi katikati, mahali kazi nyingi hufanyika. Ukikaza nati hadi katikati pawe sawa, pembeni itakwama.

Kisha tafuta mchezo unatoka wapi, na hapa usiwe na haraka. Bandika gololi ndogo kwa grisi kwenye kitundu cha katikati cha ncha ya skrubu, elekeza geji hapo, halafu sukuma na kuvuta meza kwa mkono. Ncha ya skrubu ikisogea, tatizo ni beringi au mahali zilipofungwa. Skrubu ikitulia na meza ikasogea, tatizo ni nati, au boliti zinazoishika nati. Mota ikizunguka kabla skrubu haijazunguka, angalia kaplingi, kiungo cha mota na skrubu: mara nyingi ni skrubu ndogo ya kubana shafti iliyolegea, na hapo huhitaji kununua chochote.

Kabla ya kupima, kaza vipande vya kubana njia za meza. Meza inayoyumba pembeni itakupa namba za uongo.

2. Beringi za mguso wa pembe

Mashine nyingi ndogo hutoka kiwandani na beringi za kawaida kwenye mwisho wa skrubu. Hizo zimeundwa kubeba mzigo wa pembeni, zikisukumwa kwa urefu wa skrubu huwa na nafasi ya kucheza. Beringi za mguso wa pembe hufungwa mbili mbili zikipingana, kisha nati ya kufungia hukazwa hadi nafasi yote iishe na kubaki ukinzani mdogo, laini, unapozungusha kwa mkono. Ziweke upande wa mota tu. Upande wa pili acha beringi ya kawaida ili skrubu ipate pa kurefukia inapopata joto.

Kuwa makini na vishikio vya ncha ya skrubu vinavyouzwa vikiwa na beringi ndani, vya aina ya BK na FK. Vya bei ya chini wakati mwingine vina beringi za kawaida ndani. Muulize muuzaji namba ya beringi kabla ya kulipa.

3. Skrubu ya gololi yenye nati mbili zilizobanwa

Hii ndiyo tiba kamili ya mchezo wa nati. Nati mbili husukumana kwenye skrubu moja, kwa hiyo gololi zinagusa pande zote mbili za njia wakati wote. Gharama yake nyingine ni nafasi: nati hii ni ndefu karibu mara mbili ya ile moja, na chini ya meza ya mashine ndogo inaweza kukupunguzia mwendo. Pima kwanza.

Usidanganywe na daraja la C7. Linaeleza usahihi wa hatua ya skrubu (umbali nati inaosogea kwa mzunguko mmoja), kosa lisilozidi 0.05 mm kwa kila 300 mm. Halisemi lolote kuhusu mchezo.

Jambo jingine: skrubu ya gololi haijizuii yenyewe. Kwenye mhimili wa wima, kichwa kizito kinaweza kushuka umeme ukikatika, kwa hiyo panga breki au uzito wa kukisawazisha.

4. Skrubu ya gololi yenye nati moja

Aina ya 1605, yaani kipenyo cha mm 16 na hatua ya mm 5, hupatikana kirahisi sana. Mchezo mdogo hubaki, na unaweza kuupunguza kwa kujaza gololi zilizozidi ukubwa kwa mikroni chache. Ni kazi ya uvumilivu. Kama nafasi ni finyu, naichagua hii kuliko namba 3.

5. Nati ya pili kwenye skrubu ya zamani

Inafaa kwa alumini, plastiki na mbao, au mfuko ukiwa mwembamba. Nati hii ya pili ikisukumwa na springi ina kikomo: nguvu ya kukata ikizidi ya springi, mchezo unarudi. Msuguano pia huongezeka, na mota dhaifu itaruka baadhi ya miondoko iliyoamriwa.

6. Fidia ya programu

Haina gharama, lakini iwe ya mwisho. Programu huongeza mwendo kidogo kila mhimili unapogeuka. Haiwezi kuishika meza pale kikata kinapoivuta kazi kuelekea meza inakokwenda; meza itaruka ndani ya nafasi ileile na kikata kinaweza kuvunjika. Itumie kusawazisha mabaki madogo baada ya kurekebisha chuma. Programu za kuendesha CNC kama LinuxCNC na Mach3 zina sehemu ya kuingiza namba hiyo kwa kila mhimili; GRBL ya kawaida haina.