Skopu ya kwanza ya kutazamia ndege kwa bajeti ndogo: nunua miguu kabla ya jicho

"Dada, nimenunua ya kukuza mara 60 lakini ndege hatulii." Ujumbe wa namna hii hunijia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji, na jibu langu halijabadilika: ndege ametulia. Kinachocheza ni tripodi.

Tuelewane kwanza. Skopu ni ile darubini ya jicho moja inayofungwa juu ya tripodi, yaani miguu mitatu. Kama bado huna darubini ya kuvaa shingoni, ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi milimita 42) au inayokaribia hapo, anza na hiyo, skopu ingoje. Na sitakueleza habari za kioo cha ED, mipako ya lenzi wala gesi ya naitrojeni inayozuia ukungu ndani. Hayo muuzaji atakuimbia bila kuombwa.

Nazungumzia Pwani ya Kenya, kwa sababu huku ndiko skopu inakolipa pesa yake. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke utaibeba bure tu. Lakini simama Mida Creek pale Watamu, au kwenye mlango wa mto Sabaki kaskazini mwa Malindi, kati ya Septemba na Aprili. Mbele yako ni matope mapana yaliyojaa vitwitwi waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia, karibu wote wamevaa rangi moja ya vumbi. Dromas ardeola, yule mla kaa mweupe na mweusi, utamjua hata kwa macho matupu. Shida iko kwa wale vitwitwi wawili wa mchangani ambao tofauti yao ni mdomo: wa mmoja mfupi, wa mwenzake mrefu na mnene kidogo. Ni tofauti ya milimita chache, na picha ikitetemeka umeikosa.

Sasa weka upepo wa kaskazi, ambao kufika saa nne au saa tano asubuhi huwa umeshachangamka. Skopu inayokuza mara 40 inakuza na mtikisiko mara 40. Pale Mida mambo ni mabaya zaidi kama umesimama kwenye daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, maana akipita mtu mmoja tu nyuma yako, bahari yote inaruka.

Ndiyo maana nasema gawa bajeti yako mara mbili, na fungu la tripodi lisiwe la makombo. Kagua kichwa chake kabla ya kukagua miguu. Vichwa vingi vya bei ya chini vimetengenezewa kamera ndogo au simu: unamlenga ndege, unakaza skrubu, unaachia mkono, na skopu inainamisha pua polepole hadi unatazama matope. Kasoro hii haimo katika tangazo lolote, na ndiyo inayowafanya watu waache skopu kabatini. Tafuta kichwa cha video, kile chenye mkono mmoja mrefu na mwendo laini wa mafuta. Dukani, funga skopu yoyote juu yake, lenga kibao cha mbali, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Kama maandishi bado yanacheza baada ya kuhesabu moja, mbili, tatu, rudisha. Halafu achia mkono uone kama pua inashuka. Nguzo ya katikati usiipandishe. Kila sentimita unayoiinua ni mtikisiko unaoununua. Bora uinamishe shingo na utundike mkoba wako chini ya nguzo kama uzito.

Na siri ya mjini ni hii: nenda kwa wapiga video wa harusi. Wengi wamehamia vifaa vidogo vya kushika mkononi, na tripodi zao nzito za zamani zimekaa stoo. Ni kuukuu, zina mikwaruzo, lakini zilijengwa kubeba kamera kubwa usiku kucha. Ukitoka nayo kwenye maji ya chumvi, suuza miguu kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo viungo vitaota kutu.

Tukija kwenye skopu zenyewe, sifichi mapenzi yangu. Ya kwanza ni Kowa TSN-501, inayokuza mara 20 hadi 40, lenzi milimita 50. Ina uzito wa gramu 400 hivi, yaani hata tripodi ya kawaida inaimudu, na hapo ndipo inapowashinda wakubwa wake. Jicho lake, yaani pale unapotazamia, limepinda, kwa hiyo unaweka tripodi chini zaidi na warefu kwa wafupi mnatazama bila kuirekebisha kila mara. Utaambiwa lenzi ya 50 ni giza. Kwa alfajiri ya Ulaya, sawa. Lakini kwetu jua likitoka limetoka, na ndege wa ufukweni tunawafuata kwa saa ya maji, si kwa saa ya mapambazuko: maji yakianza kujaa yanawasogeza karibu nawe, iwe saa tatu au saa tisa. Mwangani vile mboni ya jicho lako imejifunga hadi milimita 2 au 3, na 50 ukigawa kwa 20 unapata 2.5, ndio upana wa mwali unaotoka kwenye skopu kuingia jichoni. Ukikuza mara 20, mwanga wa ziada wa lenzi kubwa ungeumwaga tu. Mara 60 nazo, jua likishapanda, zinakuonyesha mazigazi yakichemka juu ya matope.

Ya pili ni Opticron MM4 50, ya kampuni ya Uingereza. Kioo chake ni bora kuliko cha Kowa hii, na jicho lake unaweza kulibadilisha baadaye. Bei ndiyo inayoishusha. Tofauti hiyo mimi ningeitia kwenye tripodi.

Ya tatu, Celestron Ultima 80. Ina picha pana na angavu kwa bei yake, lakini ni kilo 1.6. Usiiguse kama tripodi ya harusi hujaipata.

Svbony SV28 ni ya chini ya dola 100 na inaonyesha hivyo, hasa ukipita mara 40. Kile kitripodi cha mezani kinachokuja nayo mpe mtoto achezee.

Kabla ya kulipa, tazama kwa skopu za wenzako. Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya kila Jumatano asubuhi, na wenye skopu kwa kawaida hawana choyo.

Ukinunua nje, usisahau VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine unaokungoja mzigo ukifika, tena nauli nayo inahesabiwa. Watu hulinganisha bei ya Marekani na ya duka la hapa kama kwamba sanduku linaruka lenyewe.

Ingawa maduka ya hapa nayo! Sijui ni nani aliyewafundisha "bei njoo inbox". Unaandika bei ya sufuria hadharani, ya skopu ni siri ya nchi? Na zile "10-300x, unaona mwezi" ni uongo mtupu. Lenzi ya kidole gumba haiwezi kukuza mara 300 na bado ikakuonyesha kitu. Juzi nimemwandikia mmoja, kwa heshima zote, nikamuuliza tripodi anayoitoa bure na skopu inabeba kilo ngapi. "Inabeba simu yoyote dada, hadi zile kubwa." Bei hadi leo hajaniambia.