Mafuta ya cheni ya baiskeli ya milimani: yapi ya kununua, yapi ya kuacha dukani

Kabla hujauliza bei, jiulize unaendesha wapi na msimu gani. Cheni ya baiskeli ya milimani haiuawi na ukavu peke yake. Inauawa na vumbi linalonasa kwenye mafuta, likapenya kati ya pini (vijiti vinavyounganisha viungo vya cheni) na rola (vipete vinavyozunguka juu ya pini hizo), likasaga chuma kila unapokanyaga pedali. Ule utope mweusi unaokuchora meno ya gia kwenye shavu la mguu ndio msasa wenyewe. Kwa hiyo mafuta yanayonasa vumbi nimeyashusha chini, hata kama yanateleza vizuri siku ya kwanza. Mpangilio huu unamfaa mtu wa njia za udongo mwekundu wa Lushoto au vijia vya msitu wa Karura, si wa lami tupu.

Namba moja naipa nta ya matone: nta iliyochanganywa na maji, inayouzwa kwenye chupa ndogo. Squirt ya Afrika Kusini ni mfano unaojulikana. Maji yakikauka, nta inabaki ndani ya rola na vumbi halipati pa kushika. Ina masharti, lakini. Cheni lazima iwe safi kabisa, hata ile grisi ya kiwandani ya cheni mpya itoke, la sivyo nta haishiki. Na ipake usiku, uendeshe asubuhi. Anayeipaka getini halafu akaondoka papo hapo amemwaga hela yake barabarani. Udhaifu wake ni mvua: safari moja ya masika ikishakuloanisha, paka upya.

Wapo wanaoyeyusha nta ya parafini, ile ya mishumaa myeupe, na kuichovya cheni nzima. Hiyo inashinda zote kwa usafi, ila inataka cheni yenye kiungo cha kufungulika kwa mkono, na subira. Ukijaribu, weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiliweke juu ya jiko moja kwa moja, nta hushika moto.

Namba mbili ni mafuta makavu. Ni mafuta mepesi yenye kiyeyushi kinachoruka hewani na kuacha utando mwembamba. Finish Line ya kifuniko chekundu ni ya kundi hili. Hayadai usafi mkali kama nta, kwa hiyo mtu mwenye haraka atayapenda zaidi, na simlaumu. Huisha mapema, ukisikia cheni inaanza kulia, umechelewa kidogo.

Ya tatu, mafuta ya mvua, mazito na ya kunata. Finish Line hiyohiyo ina ya kifuniko cha kijani. Kuanzia Machi hadi Mei, njia zikiwa tope, haya yanapanda hadi namba moja bila ubishi, maana hayasombwi na maji. Mwezi wa nane, kwenye vumbi, yanageuka gundi. Kama mfuko unaruhusu chupa moja tu kwa mwaka, chukua makavu.

Nne ni mafuta ya cherehani. Yanapatikana kila mahali kwa bei ya chini, ni mepesi, yanaingia vizuri ndani ya rola. Hayakai, basi. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni yanatosha kabisa.

Oili chafu ya gari iache gereji. Tayari imebeba masizi na chembe za chuma. Grisi haiingii ndani, inakaa nje kukusanya mchanga, na mafuta ya kupikia huganda yakanata. WD-40 ya kopo la kawaida, iliyobuniwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, inasaidia kulegeza kutu, lakini kama kilainisho cha cheni ni nyepesi mno.

Hela ya kusafishia ni ndogo: mafuta ya taa kidogo, mswaki wa zamani, matambara. Petroli usiiguse, cheche moja inatosha. Sugua cheni kwa mafuta ya taa, osha kwa maji ya sabuni, iache ikauke kabisa, maana mafuta ya taa yakibaki ndani yatayayeyusha yale mapya. Kisha zungusha pedali kinyumenyume, tone moja kwa kila rola, upande wa ndani wa cheni. Subiri, halafu futa nje mpaka tambara lisitoke na weusi. Kinachohitajika kiko ndani, cha nje ni chambo cha vumbi. Kama una breki za diski, funika diski kwanza. Tone moja likiifikia, breki zitapiga kelele na kuacha kushika.

Ongeza rula ya inchi kwenye manunuzi. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, uhesabu mpaka inchi 12. Cheni isiyochakaa itakuwa na pini sawasawa kwenye mstari wa inchi 12. Pini ikipita kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikipita kwa 1/8, tegemea kununua na sproketi za nyuma, yaani yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Ukienda dukani, taja idadi ya gia za nyuma, kwa sababu cheni ya gia 8 haikai kwenye mfumo wa gia 12.